Shauri la Kumwachisha Mtoto Ziwa

Alhamdulillah. Shukrani zote ni za Allah aliyetuumba kutokana na nafsi moja, akatoa humo mume na mke, na kwa wawili hao akaeneza watu wengi. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, aliyekuwa mume, akawa baba, akawa babu, na akafiwa na watoto wake wote isipokuwa Fatima.

Ndugu zangu, akina baba mlioko mbele na akina mama mlioko nyuma ya pazia, kuoa tunakufanyia darsa. Talaka nayo ina darsa zake, tena hizo hujaa watu mpaka nje. Lakini baina ya harusi na talaka kuna usiku mmoja ambao hatuuzungumzii: saa nane, umeme umekatika, mtoto analia, na watu wawili waliokuwa wakipendana wanatazamana kila mmoja akimngoja mwenzake ainuke. Usiku huo hauna darsa. Leo nataka tukae hapo.

Nianze na neno letu wenyewe. Kwetu pwani mwanamke aliyejifungua juzi huitwa mzazi. Tunasema tunakwenda kumtazama mzazi, tunampikia mzazi uji wa pilipili manga, tunamkanda mzazi kwa maji ya moto. Mtoto akifika umri wa shule, neno lilelile linakuja kwenye fomu, jina la mzazi, na baba anaweka saini yake bila wasiwasi. Lakini ndani ya zile siku arobaini mzazi ni mmoja tu. Baba ni mtu wa kutumwa dukani.

Nami nilikuwa huyo wa kutumwa dukani. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, mke wangu alikuwa kwao, kama desturi yetu ilivyo kwa uzazi wa kwanza. Nikawa nafika jioni na papai na nepi, nakaa barazani na baba mkwe, naletewa mtoto kwa dakika tano, kisha naaga. Arobaini ilipotimia na mke wangu akarudi, yeye alikuwa anajua kilio cha njaa na kilio cha tumbo. Mimi sikujua hata shingo ya mtoto inashikwa wapi. Nikaona aibu, na mwanamume akiona aibu nyumbani kwake hutafuta mahali pengine pa kuwa mtu. Wengine hukimbilia kijiweni kwenye bao na kahawa. Mimi nilikimbilia darsani. Kila siku baada ya Isha mpaka saa tano usiku, na nani angemlaumu mtu aliyekwenda kusoma dini yake?

Sheikh wangu, Allah amrehemu, alinitazama wiki mbili hivi. Usiku mmoja akafunga kitabu, akaniuliza mwanangu ana umri gani. Nikamwambia miezi miwili. Akauliza: "Sasa hivi kambeba nani?" Nikanyamaza. Akasema: "Basi nenda nyumbani. Mlango huu utaukuta."

Niliondoka nimekasirika, sitawaficha. Nikamkuta mke wangu amesimama jikoni, mtoto begani, maji ya kumwogeshea yakichemka, kanga imeloa maziwa kifuani. Chakula changu kilikuwa kimefunikwa kawa. Chake hakikuwapo, kwa sababu alikuwa hajapata mkono wa kulia.

Baadaye nilipoisoma habari ya Salman na Abu Dardaa niliisoma kwa macho mengine. Mnaijua, imo katika Sahih Bukhari. Mtume (s.a.w.) aliwaunga udugu wawili hao. Salman akaenda kumtembelea nduguye, akamkuta Ummu Dardaa amevaa hovyo, hajijali. Akamuuliza ana nini. Mama yule akajibu kwa adabu kubwa kwamba nduguyo Abu Dardaa hana haja na mambo ya dunia. Mume alikuwa anafunga mchana na kusimama usiku. Salman akamlazimisha ale, akamlazimisha alale, kisha akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki, basi kila mwenye haki apewe yake. Habari ilipomfikia Mtume akasema Salman kasema kweli. Nakuombeni mtazame jambo moja tu hapo: Salman hakupewa mashtaka. Aliona nguo. Aliingia nyumba ya nduguye akasoma hali ya ndoa kwenye nguo ya mwanamke.

Sasa tufungue msahafu, Suratul Baqara, aya ya 233. Aya hii imekaa katikati ya aya za talaka na eda. Kabla yake ni walioachwa, baada yake ni waliofiwa na waume. Katikati ya machozi hayo Allah anaingiza habari ya mtoto anayenyonya. Anaeleza kuwa mama watanyonyesha miaka 2 kamili kwa anayetaka kutimiza. Anaeleza kuwa chakula cha mama na mavazi yake viko juu ya baba, kwa wema, wala nafsi haitwikwi isichokiweza. Anakataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe, wala baba kwa sababu ya mwanawe. Kisha linakuja jambo ambalo kila nikilifikia husimama: wawili wakitaka kumwachisha mtoto ziwa kwa kuridhiana na kushauriana, hawana dhambi.

Kushauriana. Mzizi wa neno hilo kwa Kiarabu ndio uliotupa neno letu shauri, na kwa maana hii umekuja katika Qur'ani mahali patatu. Katika Suratu Aali Imran aya ya 159 Mtume anaamrishwa awashauri Masahaba zake, na hapo ni baada ya msiba wa Uhud, watu wamekufa, jeshi limetawanyika. Katika Suratu Shuura aya ya 38 waumini wanasifiwa kwamba mambo yao ni kwa mashauri, na kutoka hapo wanazuoni wamejenga milango mizima ya uongozi wa umma. Pa tatu ni hapa, kwenye ziwa la mtoto. Vita, utawala, na maziwa ya mama: Allah ameviweka kwenye neno moja.

Na ukumbuke aya imekaa wapi. Wapo wafasiri walioona kuwa wanaosemwa hapa hasa ni wanandoa waliokwisha kuachana. Maana yake hata mtalaka wako, ambaye humtaki na hakutaki, huna ruhusa ya kukata shauri la mtoto peke yako. Sasa wewe unayelala naye kitanda kimoja, mara ya mwisho umeketi naye lini mkazungumza habari ya mtoto bila kugombana? Simaanishi kuulizana hela ya maziwa iko wapi. Namaanisha kumuuliza: unaonaje, umechoka kiasi gani, tufanyeje?

Wengi wetu mashauri haya tumewaachia wengine. Mtoto ana miezi miwili, bibi mzaa baba anataka apewe uji kwa sababu analia sana. Bibi mzaa mama anasema maji ya moto yenye sukari kidogo. Nesi wa kliniki amesema maziwa ya mama tu mpaka miezi 6. Mama wa mtoto yuko katikati anavutwa kama kamba, na mume anasema ile sentensi yetu maarufu: "Hayo ni mambo yenu wanawake." La, bwana. Aya imesema wao wawili. Bibi ana heshima yake, na mkono wake unajua mambo ambayo vitabu havijui. Msikilizeni, mbusuni mkono. Kisha ingieni chumbani muamue wawili. Na uamuzi ukiwa haumpendezi mama yako mzazi, wewe mume ndiye wa kumwambia mama yako, kwa upole, usimsukumie mkeo akakosane na mavyaa kwa ajili ya kijiko cha uji.

Najua kinachowazuia wanaume. Si ukosefu wa huruma, ni maneno ya watu. Ukionekana umembeba mtoto kwa kanga, umeanika nepi kwenye kamba, mtaa utasema umelishwa limbwata. Basi na wamseme huyu pia: Mtume (s.a.w.) aliwasalisha watu hali amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zainab. Akienda kusujudu anamweka chini, akiinuka anambeba tena. Hakusubiri sala iishe, hakumpungia mkono mwanamke wa safu ya nyuma aje amchukue. Na alipokuwa akisikia kilio cha mtoto katika sala ya jamaa, alikuwa anaifupisha, kwa kuwa anajua moyo wa mama unavyohangaika. Tazameni sisi: mtoto akilia msikitini, mzee mmoja anageuka na kumkaripia mama kwa macho kabla hata ya kutoa salamu.

Aliulizwa Bibi Aisha Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani. Akajibu kuwa alikuwa katika kazi za watu wake, na wakati wa sala ukiingia hutoka akaenda kusali. Hakusema akiwasaidia siku za uzazi tu.

Nigusie fedha, kwa haraka, maana mengine mnayajua. Siku ya saba ni akika, mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike, kunyolewa nywele na kupewa jina. Ni sunna kwa mwenye uwezo, asiyeweza hana dhambi. Lakini siku hizi naona mtu mbuzi hana, ila bebi shawa imefanyika, ukumbi umekodiwa, sare zimeshonwa na mshereheshaji kalipwa. Mgeni wa mwisho akiondoka, wanabaki wawili na deni na mtoto. Ugomvi wa miezi sita inayofuata umenunuliwa siku ile. Mume, chakula cha mkeo anayenyonyesha kiko juu yako kwa aya niliyoitaja. Si fadhila, ni wajibu. Na mke, aya hiyohiyo imesema nafsi haitwikwi isichokiweza. Mtume ametufundisha kuwa dinari yenye thawabu kubwa zaidi ni ile unayoitumia kwa watu wako, hata tonge unalomtilia mkeo kinywani. Kumbe wengine tumepita mbali kutafuta thawabu.

Wakati nao una bei yake. Sheria ya ajira ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 ilimwekea mama likizo ya siku 84, na 100 akizaa mapacha. Baba ikamwekea siku 3. Kenya, kwa sheria yao ya 2007, baba alipewa wiki 2. Mvuvi na mwenye bodaboda hawana hata siku moja. Simlaumu mtu anayetoka alfajiri kutafuta. Ninachouliza ni zile saa baina ya Isha na kulala, ambazo hazina mwajiri.

Sasa jambo zito kidogo. Yupo mzazi ambaye baada ya kujifungua moyo wake unaingia kiza. Analia bila sababu, hamtaki mtoto, hali, halali hata mtoto anapolala. Sisi tunaharakisha kusema ana mashetani, au hana shukrani, mbona wenzake wanatafuta mtoto hawapati. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanawake 13 katika kila 100 waliojifungua hupatwa na maradhi ya nafsi, zaidi sonona, na katika nchi zinazoendelea idadi inakaribia 20. Hesabuni wanawake walioko nyuma ya pazia lile, mtajua sizungumzi habari za mbali.

Someni Suratu Maryam, kuanzia aya ya 23. Uchungu ulimpeleka Maryam kwenye shina la mtende, peke yake, akatamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Huyo ni mwanamke aliyeteuliwa juu ya wanawake wa ulimwengu. Je, alikaripiwa? Aliambiwa asihuzunike. Akaonyeshwa kijito cha maji chini yake na tende mbivu juu yake. Akaambiwa ale, anywe, atulize jicho. Na watu, aliruhusiwa asiseme nao kabisa siku ile. Mtazame Mola alivyomuuguza: maji, chakula, utulivu, na mapumziko ya kutowajibu wageni. Sisi tunafanya kinyume, tunamjazia mzazi wageni ishirini sebuleni, kila mmoja na swali lake, na yeye ndiye anayewakaangia maandazi. Mume, simama mlangoni. Waambie watu kwa adabu kwamba mzazi kalala. Ukiona kiza hakiondoki wiki mbili zimepita, mpeleke hospitali, umsomee na Qur'ani pia. Moja halizuii jingine.

Akina mama niwieni radhi, naingia katika jambo la chumbani, kwa kuwa tusipolisema hapa linasemwa vibarazani na uongo juu yake. Kwanza nifasi, yaani damu ya uzazi. Kwa madhehebu yetu ya Kishafi, muda wake wa kawaida ni siku 40, mwingi wake siku 60, na uchache wake hata kitambo kidogo tu. Kwa hiyo mwanamke aliyesafika siku ya ishirini anaoga na kusali. Asikae akisubiri arobaini ya desturi huku sala zikimpita. Wengi wamekosea hapa, na waume zao walikuwa wanajua wakanyamaza.

Pili, kubemenda. Mnalijua neno hili. Watu wanaamini mume na mke wakikutana wakati mama ananyonyesha, mtoto anadhoofika na kuharisha. Mtoto akikonda tu, mama anatazamwa kwa jicho baya kliniki nzima. Basi sikilizeni. Katika Sahih Muslim imepokewa kutoka kwa Judama bint Wahb kwamba Mtume (s.a.w.) alikusudia kukataza jambo lenyewe hili, kama wanazuoni wengi walivyolifasiri, kisha akakumbuka kuwa Warumi na Waajemi hulifanya na watoto wao hawadhuriki. Akaacha kukataza. Hofu yenu hii Waarabu nao walikuwa nayo, na Mtume akaipima kwa hali ya watu wengine walivyo. Mtoto anayekonda apelekwe kupimwa, akatazamwe chakula chake na maradhi yake, asifanywe shahidi dhidi ya wazazi wake.

Na wapo wanaume, Allah atusamehe, wanaoliamini hili la kubemenda pale linapowafaa. Nyumbani anasema mke analea, tusimguse. Kisha miaka miwili ile anaipitishia kwingine. Huyo hajamhurumia mtoto. Kama mnahofia mimba ya haraka, na ni hofu ya haki kwa afya ya mama na kwa maziwa ya mtoto, kaeni mashauri, muulizeni daktari muulizeni na mwanachuoni. Masahaba walikuwa wakijizuia kwa njia ya azili, yaani kumwaga nje, na Qur'ani ingali inateremka, kama alivyosimulia Jabir.

Nimewapiga wanaume vya kutosha, sasa zamu ya upande wa pili, nanyi mnivumilie. Dada yangu, mume akimshika mtoto unamwambia utamwangusha, hujui, lete. Akimvika nguo unaicheka mbele ya wadogo zako. Mara tatu, mara nne, halafu anaacha, na wewe unaanza kulalamika kwamba hakusaidii. Mwache akosee. Nepi ikifungwa upande haimuui mtoto. Na mtoto asilale katikati mpaka mume akahamia kwenye kochi sebuleni, kochi likamkaribisha kwenye simu, na simu mnajua inakokaribisha. Pia mume alikuwa akikuita kwa jina lako, leo wewe ni mama Zuwena tu, naye ni baba Zuwena. Kuitwa hivyo ni heshima, ila mbele ya wageni. Mkibaki wawili mwite jina lake. Mtume alilifupisha jina la Bibi Aisha kwa mapenzi akamwita Aish.

Katika Suratul Aaraf, aya ya 189 na 190, kuna picha ya mke aliyebeba mimba nyepesi, akaendelea nayo, na ilipokuwa nzito wale wawili wakamwomba Mola wao wawili, kwa pamoja: ukitupa mtoto mwema tutashukuru. Akawapa. Na walipopewa, wakamshirikisha katika kile alichowapa. Mimi nawaona watu hao kila mwezi. Wakati wa mimba dua ni ya pamoja, mume anashika tumbo na kusoma. Mtoto akitoka, mkono mmoja unafungwa hirizi, na zile dua za pamoja zimekwisha. Rudisheni dua ile. Ile ya Suratul Furqan aya ya 74 mnaisoma wote. Tazameni mpangilio wake, waja wale wanaomba kitulizo cha macho kutoka kwa wake zao kwanza, ndipo kwa watoto wao.

Ewe Mola wetu, wape kitulizo cha macho akina mama wasiolala usiku huu. Wape baba zetu mikono ya kubeba. Wasiojaaliwa mtoto uwajaalie, na waliozika watoto uwape subira.

Tangazo moja kabla ya kukimu Isha. Darsa letu la usiku linaendelea kama kawaida, tuko kwenye mlango wa mauziano. Ila mwenye mtoto aliye chini ya miezi sita simtaki hapa. Asali, avae viatu, aende nyumbani. Mlango huu ataukuta.